Wikendi Unguja: jinsi ya kuchagua hoteli ya ufukweni kwa siku mbili tatu

Ikipatikana wikendi ndefu, wengi wetu tunaanzia kwenye simu. Tunaandika "hoteli Zanzibar", tunapanga kwa bei, tunavutiwa na picha ya bwawa, tunalipa. Kwa mapumziko ya wiki mbili njia hiyo inaweza kukuvusha, maana mahali pasipokufaa utahama. Kwa usiku mbili hakuna kuhama. Hoteli nzuri iliyo upande usiokufaa, kwa tarehe isiyokufaa, itakupa godoro safi na bahari iliyokimbia saa zote ulizopanga kuogelea. Kwa hiyo hapa tunaanza na bahari yenyewe, tunafuata na upande wa kisiwa, na hoteli inakuja baada ya hapo.

Nimemlenga zaidi anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam. Anayeshuka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume akitokea Nairobi, Mwanza au Muscat atapita hatua hizihizi. Kwake kitakachobadilika ni hesabu ya muda.

Hatua ya 1: Hesabu saa utakazokuwa ufukweni

Boti ya kasi hukaa majini kama saa mbili hadi bandari ya Malindi. Ongeza muda wa kuwahi bandarini, kukaguliwa kitambulisho na mizigo, na foleni ya kutokea upande wa pili. Halafu kuna safari ya shamba, kama Waunguja wanavyoita kila kilicho nje ya mji. Nungwi iko karibu kilomita 60 kaskazini, zaidi ya saa nzima kwa gari. Paje na Jambiani ziko ng'ambo ya mashariki, karibu kilomita 50, na barabara yake ni nyepesi zaidi. Daladala zipo, 116 ya Nungwi na 309 ya Jambiani, kwa nauli ndogo sana, ila weka muda mara mbili na usibebe mabegi makubwa.

Aliyetoka nyumbani kwake Dar saa 2 asubuhi Jumamosi ashukuru akikabidhiwa ufunguo wa chumba saa 8 mchana. Kama Jumapili anatakiwa kurudi kwa boti ya mchana, muda wake wa bahari ni jioni moja na asubuhi moja, basi. Lipa kwa kuangalia muda huo. Hoteli yenye mabwawa matatu na sehemu ya masaji ni hasara kwa mtu atakayeiona kwa saa kumi za mwanga.

Mambo mawili yanatokana na hesabu hiyo. Kwanza, usigawe usiku mbili kati ya hoteli mbili. Utatumia nusu siku kufunga mabegi na kungoja chumba kipya. Isipokuwa pale boti yako ya kurudi ni ya asubuhi na mapema, ambapo kulala Mji Mkongwe usiku wa mwisho kunakuepusha kuamshwa saa 10 alfajiri huko Nungwi. Pili, mwenye usiku mmoja tu asihangaike na shamba. Abaki Mji Mkongwe, achukue boti ya kwenda kisiwa cha Changuu au kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, jioni ale kwenye bustani ya Forodhani. Atapumzika kuliko aliyekaa barabarani.

Hatua ya 2: Soma mwezi kabla ya kusoma bei

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hupanda na kushuka kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja inaweza kufika mita 4. Upande wa mashariki sakafu ya bahari ni tambarare kutoka mchangani hadi mwambani. Maji yakipwa wakati wa bamvua, bahari inaondoka mbele ya hoteli yako kwa umbali wa kilomita moja na pengine zaidi. Kinachobaki ni mchanga wenye vidimbwi, majani, ngalawa zilizolala ubavu, na kina mama wanaoshughulikia mashamba yao ya mwani. Ni mandhari nzuri mno kwa kutembea. Kwa kuogelea, subiri.

Wavuvi wanayajua haya kwa tarehe za mwezi, na wewe unaweza kuyajua kwa kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenye nyumba nyingi za pwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na bahari haiendi mbali.

Saa nazo zina utaratibu wake. Siku za bamvua Unguja, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, jioni yamepwa, lakini kwa kuwa ni maji mafu kupwa kwenyewe si kwa kutisha.

Tuchukue mfano. Jumamosi yako imeangukia tarehe 15 na umechagua Jambiani. Utaamka, unywe chai, na ukifika ufukweni saa 4 bahari haipo. Itaanza kurudi saa sita saba mchana, na kuanzia saa 8 hadi magharibi utakuwa na maji ya kuogelea mpaka uchoke. Jumapili kila kitu kinasogea karibu saa nzima mbele, maana yake asubuhi ya kuondoka hutaogelea isipokuwa uwahi mapema kabla maji hayajatoka. Kwa anayefika Jumamosi mchana, jioni hiyo ni nzuri sana. Kwa anayetegemea asubuhi ya Jumapili, imekula kwake. Sasa isogeze safari hiyohiyo wiki moja mbele, tarehe 22: asubuhi ya Jumapili maji yamo, na ufukwe uleule unakuwa mahali pengine kabisa.

Hiyo ni kadirio la kukusaidia kuchagua wikendi. Ukishaichagua, tafuta kwenye mtandao jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar kwa tarehe zako, uandike pembeni nyakati zote nne za kila siku, mbili za kujaa na mbili za kupwa.

Hatua ya 3: Chagua upande wa kisiwa

Kama unataka kuingia majini saa yoyote bila kuangalia jedwali, nenda kaskazini-magharibi: Kendwa, na upande wa Nungwi unaotazama machweo. Kina kinaanza karibu, na hata bamvua haikunyimi kuogelea. Gharama yake ni watu na kelele. Nungwi imejaa hoteli, boti za utalii na papasi watakaokuuzia safari kila ukisogea hatua kumi. Kendwa kuna sherehe ya mwezi mpevu ambayo hufanyika Jumamosi iliyo karibu na mwezi huo, muziki hadi usiku mkubwa. Ukiwa na watoto wadogo au mzazi mzee, kwepa wikendi hiyo au omba chumba cha mbali. Angalia pia kwamba "Nungwi" kwenye tangazo inaweza kuwa Nungwi ya mashariki, ambako maji yanakimbia na kuna mawe.

Paje ni ya vijana. Mchanga mweupe mpana, upepo, na matanga ya kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, angani msimu wa upepo unapokolea, kuanzia Juni hadi Septemba kwa kusi na Desemba hadi Machi kwa kaskazi. Usiku kuna muziki na chakula cha kila aina. Anayetaka kuogelea kwa utulivu kati ya kamba za kaiti hatafurahi.

Jambiani, kusini kidogo ya Paje, ndiyo ninayoipendekeza kwa familia, na najua wengi watashangaa kwa sababu ya yale niliyosema juu ya kupwa. Mwamba ulio mbali unazuia mawimbi, kwa hiyo maji yakiwa nusu unapata dimbwi kubwa la uvuguvugu linalomfika mtu mzima kiunoni, bila mkondo mkali wala boti za kasi kupita. Mtoto wa miaka sita atacheza humo kwa saa nyingi na mzazi akamwona. Maji yakitoka, mtoto huyohuyo atakuwa anafukuza kaa. Vaa viatu vya majini tu, maana karibu na mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Kijiji ni kirefu, kimetulia, na nyumba za wageni za bei ya kati ni nyingi.

Michamvi ni kijirasi chenye nyuso mbili. Pingwe inatazama mashariki, ndiko uliko mgahawa maarufu juu ya jiwe baharini, unaoufikia kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa. Kae inatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka, na unapata machweo ukiwa bado pwani ya mashariki. Wawili walio kwenye fungate wapaangalie.

Kiwengwa ina mahoteli makubwa ambayo kila kitu kimo ndani ya bei na wageni wengi ni Waitaliano. Ukishaingia getini huna sababu ya kutoka, na kwa wengine hilo ndilo pumziko. Matemwe ni tulivu zaidi na ndiyo ya karibu kwa kwenda kuzamia kisiwa cha Mnemba. Pongwe ni kighuba kidogo kizuri chenye hoteli chache. Kizimkazi ni ya pomboo na majabali. Ufukwe wenyewe ni mdogo.

Hata baada ya kuchagua kijiji, fungua ramani ya setilaiti uitazame hoteli yako kwa juu. Mstari mweupe wa povu baharini ndio mwamba: pima kutoka hapo hadi mchangani, ndio umbali ambao bahari inaweza kukuachia wakati wa bamvua. Angalia kama mbele ya hoteli kuna mchanga au jabali lenye ngazi. Angalia kama kati ya hoteli na bahari kuna hoteli nyingine au barabara. "Dakika tatu kutoka ufukweni" ni jambo la kawaida kabisa na bei yake hushuka vizuri, mradi ujue kabla.

Hatua ya 4: Msimu

Masika, Machi hadi Mei, ndipo bei zinashuka kuliko wakati wowote, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa Aprili na Mei kwa matengenezo. Mvua za vuli, kuelekea mwisho wa mwaka, mara nyingi hunyesha na kupita, usiziogope sana. Juni hadi Agosti kusi huchafua mkondo kati ya Dar na Unguja, na mwenye kichefuchefu cha bahari ajiandae au apande ndege. Krismasi na mwaka mpya bei hupaa, hoteli nyingi hudai ukae usiku kadhaa na ulipie chakula cha sherehe upende usipende. Idd hujaza boti. Kata tiketi ya kwenda na kurudi mapema. Mwezi wa Ramadhani ni mtulivu na wenye futari nzuri jioni, lakini migahawa mingi nje ya hoteli hufungwa mchana na kula hadharani si adabu, kwa hiyo chukua hoteli yenye chakula ndani.

Hatua ya 5: Bei halisi ni ipi

Bei inayoonekana kwenye mitandao ya kuwekea nafasi mara nyingi ni ya mgeni wa nje. Hoteli nyingi zina bei ya Watanzania, ya wakazi, na baadhi yake ya Afrika Mashariki, na haiandikwi mtandaoni. Lazima upige simu uiombe. Tofauti inaweza kuwa kubwa kiasi cha kukupandisha daraja la hoteli. Beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima, kwa sababu mapokezi watakiomba.

Kisha uliza bei hiyo imebeba nini. Kuna ya kulala na kifungua kinywa, ya kuongeza chakula cha jioni, ya milo mitatu, na ile ambayo hata vinywaji vimo. Kwa Paje au Nungwi chukua kifungua kinywa tu; nje kuna pa kula. Kwa hoteli iliyo peke yake, mfano sehemu za Matemwe na Michamvi, chukua na chakula cha jioni, la sivyo utalipa teksi kila usiku. Bei ya "kila kitu" inamfaa mwenye watoto wanaoagiza juisi kila nusu saa, haimfai anayetoka asubuhi kwenda kuzamia na kurudi jioni.

Uliza pia kama bei ni ya chumba au ya mtu mmoja, kwani usemi wa "laki moja na nusu" umeshawagombanisha wengi na mapokezi. Uliza kama kodi zote zimo, pamoja na kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Uliza umri ambao mtoto anaanza kulipiwa. Kwa wageni wasio Watanzania kuna jambo la ziada: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Ukija na shemeji kutoka Ulaya, iwekwe kwenye bajeti.

Hatua ya 6: Soma maoni kwa jicho la kutafuta

Wastani wa nyota haukuambii mengi. Panga maoni kwa tarehe, soma ya miezi mitatu ya karibuni, na soma yale ya nyota tatu, maana wanaoyaandika hutaja zuri na baya. Tafuta maneno machache: maji, umeme, kelele, ujenzi, mende, chakula kuchelewa. Malalamiko yakirudiwa na watu watatu wasiojuana, yaamini. Mtu aliyelalamika kwamba "bahari ilipotea" hajakuambia lolote baya juu ya hoteli. Wewe umeshasoma mwezi.

Kwenye picha, zitazame zaidi za wageni kuliko za hoteli. Hoteli zote hupigwa picha maji yakiwa yamejaa.

Hatua ya 7: Piga simu, kisha andika

Chagua hoteli tatu, si kumi. Piga simu ili usikie wanavyopokea watu, halafu tuma ujumbe ili majibu yabaki kwa maandishi. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari za asubuhi. Naulizia chumba cha watu wazima wawili na mtoto wa miaka 5, kuingia Ijumaa jioni, kutoka Jumapili. Sisi ni Watanzania, tunaomba bei ya wakazi kwa shilingi ikiwa na kodi zote. Kifungua kinywa kimo? Chumba kinatazama wapi, na ni mbali kiasi gani hadi majini? Maji ya bafuni ni matamu au ya chumvi? Umeme ukikatika, jenereta linaendesha na kiyoyozi? Kuna ujenzi wowote jirani kwa sasa? Mkiweza mtutumie video fupi ya chumba chenyewe na ya ufukwe wa leo. Ahsanteni."

Swali la maji lina sababu: visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvi, na mwenye nywele au ngozi nyepesi atajuta. La umeme pia. Unguja hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na ulipoharibika mwishoni mwa 2009 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Siku hizi tatizo ni la kukatika kwa saa chache, lakini saa chache za usiku wa Februari bila feni ni nyingi. Mwenye kutaka bia aulize, maana nyumba kadhaa, hasa Mji Mkongwe na vijijini, haziuzi kileo. Na huko Mji Mkongwe uliza ghorofa: nyumba za kale zina ngazi zilizosimama wima na lifti ni nadra, jambo zito kwa mwenye magoti mabovu.

Anayejibu maswali yote haya kwa uvumilivu ndiye atakayekuhangaikia usiku wa manane choo kikiziba. Mimi huupa ujibuji huo uzito kuliko bwawa.

Hatua ya 8: Lipa bila kuibiwa

Kurasa bandia za hoteli zipo: picha za kweli zilizochukuliwa mahali, bei ya kuvutia, na namba ya mtu binafsi ya kutumia "advansi leo hii kabla ofa haijaisha". Itafute namba ya simu ya hoteli kwenye ramani na kwenye tovuti yake, uipige hiyo, uwaulize kama ule ukurasa ni wao. Lipa kwa lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la hoteli. Jina likitokea la mtu, simama kwanza. Kamisheni ya Utalii Zanzibar ndiyo inayosajili na kutoa leseni kwa nyumba za wageni, na hoteli halali haitaona vibaya ukiuliza namba ya usajili.

Omba uthibitisho wenye tarehe, aina ya chumba, kiasi ulicholipa na kilichobaki. Humo iandikwe itakuwaje ukighairi, na hasa itakuwaje boti zikisimamishwa kwa upepo mkali. Hoteli nyingi hukubali kusogeza tarehe ukiomba kabla, na hukataa ukiomba siku ya tukio.

Hatua ya 9: Dakika kumi za kwanza

Usikubali mabegi yashushwe kabla hujakiona chumba. Washa kiyoyozi, fungua bomba la maji ya moto, vuta maji chooni, kagua chandarua kama kina matundu, jaribu kufuli ya mlango na ya dirisha. Nusa mashuka. Simama kimya usikilize jenereta liko upande gani. Kama chumba sicho ulichoandikiwa, rudi mapokezi na uthibitisho wako na uombe kwa upole kubadilishiwa. Saa hiyo vyumba vingine bado viko wazi, jioni havitakuwepo.

Kisha uliza mapokezi saa za maji kwa kesho, uzilinganishe na zako, na upange chakula kuzunguka saa hizo. Agiza gari la kurudi palepale, ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa ya boti: saa moja bandarini, saa moja na nusu barabarani. Na bili yako iombe usiku wa mwisho, siyo asubuhi dereva akiwa anapiga honi, ili kama imeandikwa soda ambayo hukunywa kuwe na muda wa kuifuta.